Binti Yetu na Safari ya Mawe



Baada ya kumshukuru Allah Subhanahu wa Taala na kumsalia Mtume wetu, tungependa kuwasimulia wasomaji wa waraka huu, ambao hutufikia kwa mikono ya jamaa zetu wa Mombasa, jambo lililoishughulisha nyumba yetu kwa miezi miwili sasa. Huenda likamfaa mzazi mwengine aliye na binti chuoni.

Sisi ni wazazi wawili: mmoja mzaliwa wa Mombasa, mwenziwe Mborana wa Kinna, katika kaunti ya Isiolo. Wengi wenu hamuijui Kinna. Ni mji mdogo wa Waislamu, chini ya milima ya Nyambene, jirani na mbuga ya Meru. Ukitelemka kutoka Maua, baridi na miraa hubaki nyuma yako, na mbele hukupokea joto, migunga na ng'ombe. Huko ndiko tulikowalea watoto wetu. Binti yetu mkubwa sasa yumo mwaka wa tatu wa jiolojia, yaani elimu ya miamba, katika chuo kikuu Nairobi.

Siku moja alitupigia simu kutuarifu kwamba darasa lao litakwenda Tanzania kwa majuma mawili kuchora ramani ya miamba, katika nchi iliyo baina ya Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai. Kila mwanafunzi hutembea kutwa, akapima mwelekeo wa tabaka za mawe na mwinamo wake, akaandika, na jioni akaipaka ramani yake rangi. Alama zake huhesabiwa katika shahada.

Jawabu letu la kwanza lilikuwa hapana. Tulimwambia kwamba mwanamke hasafiri bila ya maharimu, na tukadhani tumemaliza. Hakubishana nasi. Alisema tu, "Haya, baba. Haya, mama," akakata simu. Usiku ule hatukulala vyema, kwani kila mmoja wetu alijua kwamba hatukuwa tumemuuliza mwanachuoni yeyote. Tuliishika dini mkononi kama ngao, na nyuma ya ngao palikuwa na mambo mengine: fedha hatuna, na jamaa watasema nini wakisikia binti yetu amelala katika hema chini ya mlima wa volkano.

Aliyetufungua macho ni nyanya yake, ambaye sisi sote humwita Akko, kama Waborana wamwitavyo bibi. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatukumbusha ukame. Baina ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita pasi na mvua ya maana, na mifugo yetu mingi ikafa. Katika dhiki ile walikuja watu na mtambo, wakachimba kisima mahali walipopaona wao kuwa ni rahisi kufikika kwa lori. Walishuka chini sana, wakatoa vumbi, wakafunga vyombo vyao wakaenda. Akko alikuwa amesimama pale na ng'ombe wake wawili wa mwisho.

"Nataka mmoja wetu ajue ardhi inaficha nini," alisema. "Nina mtamba mmoja. Uzeni."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, safari hii kwa kuuliza na si kwa kutafuta wa kutuunga mkono. Alitueleza kwamba wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili: wako wasioruhusu kabisa safari isiyo ya faradhi bila ya maharimu, na wako walioruhusu njia ikiwa ya amani na mwanamke akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Kisha alitupa maswali ya kupeleka chuoni: Ni nani mwanamke msimamizi? Wasichana watakuwa wangapi? Watalala wapi, na ni nani atakayelala karibu nao? Tulipiga simu, tukajibiwa kwa upole na kwa ukamilifu. Yuko mhadhiri mwanamke, wako wasichana wanane, na mahema yao yatakuwa upande wao peke yao. Sheikh alipoyasikia hayo alituelekeza kwenye kauli ya wenye kuruhusu. Sisi hatutoi fatwa; kila mzazi amuulize mwanachuoni wake. Tunalosema ni kwamba aulize kikweli.

Hapo ndipo matayarisho yalipoanza. La kwanza lilikuwa pasipoti. Watu wa kaskazini wanajua maana ya mchujo, kuhojiwa mara mbili tatu uthibitishe kwamba wewe ni Mkenya, hata baba na babu yako wakiwa wamezikwa hapa. Mchujo huo katika kutoa vitambulisho ulitangazwa kuondolewa na Rais akiwa Wajir mwezi wa Februari 2025. Binti yetu alikwisha kupata kitambulisho chake kabla ya hapo, kwa tabu, na kwa kitambulisho hicho aliomba pasipoti. Ilichelewa mpaka zikabaki siku kumi na moja. Tunamshukuru Mola ilifika. Nasaha yetu: ombeni mapema, na msisahau chanjo ya homa ya manjano na cheti chake, kwa kuwa huulizwa mpakani Namanga.

La pili lilikuwa ibada, na hapa binti yetu ndiye aliyetufundisha sisi. Alimpelekea sheikh maswali aliyoyaandika kwa mpango. Je, atavua buti kila wakati wa udhu, naye yuko juu ya mawe makali? Alijibiwa kwamba msafiri anaruhusiwa kupangusa juu ya khofu kwa siku tatu na masiku yake, maadamu amezivaa akiwa na tohara, na zinafunika vifundo vya miguu wala hazipenyi maji kwa wepesi. Kwa hiyo tulipokwenda kununua buti, hatukutazama soli peke yake, bali tulipima na shingo ya kiatu. Je, atapunguza sala? Katika madhehebu yetu ya Shafi, akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea. Basi aliomba ratiba ya kambi, akaweka alama mahali pa kupunguza na pa kutimiza. Je, maji yakikosekana atayamamu juu ya jiwe? Shafi wanataka udongo wenye vumbi. Jiwe tupu halitoshi. Alicheka, akasema atakuwa baina ya mawe yote yale akitafuta vumbi.

Mkoba wake sasa una nyundo, dira yenye kipimo cha mwinamo, kioo cha kukuzia, miwani ya kukinga macho dhidi ya vipande vya mawe, penseli za rangi, daftari la jalada gumu, mitandio myepesi ya pamba isiyopeperuka, na suruali pana za kuvaa chini ya kanzu fupi. Mama yake ametia na leso mbili, kwani leso haikosi kazi.

Juma lililopita alikuja nyumbani akatwambia anataka kujizoeza. Tulifuatana naye siku mbili, na Akko akiwa mbele. Alituonyesha mawe meusi yenye vitundu yaliyomiminika kutoka volkano za Nyambene, kisha mawe ya kale yenye mistari myeupe na ya kijivu. Hayo ya kale, alisema, ni ya ukanda mmoja unaopita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, nao ndio uliopewa jina la nchi hiyo. Maji ya mvua ya milimani huzama katika nyufa za mawe meusi, na yakizuiwa chini hutafuta pa kutokea. Kwa hiyo mpaka baina ya mawe haya na yale ni jambo la kujulikana kabla mtu hajaleta mtambo wa kuchimba. Akko naye alikuwa akimwonyesha udongo unaobadilika rangi na miti inayobaki kijani wakati wa kiangazi, na binti yetu akiyaandika yote katika daftari lile lile.

Akko aliuliza mlima wa Tanzania unaitwaje. Aliposikia kwamba kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, alinyamaza kidogo, kisha akasema milima yote ni yake. Jioni ile tulisoma pamoja Suratu Fatir, pale panapotajwa milima yenye mistari myeupe na myekundu na mingine myeusi mno, na baadaye wenye elimu wanaomcha Mola wao. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo miaka mingi bila ya kuinama kutazama jiwe.

Ataondoka Jumamosi inshallah. Mtamba wa Akko umekwisha kuuzwa, na hofu yetu haijaisha yote. Tunaomba dua zenu, arudi salama, na asirudi mikono mitupu.