Nilikula karo nikanunua kichwa cha randa

Wasee, kabla mama ayasikie haya kwa mtu mwingine, wacha niseme mwenyewe. Ile elfu 80 nilikuwa nimeweka ya kumaliza deni la karo ndio nirudi campo imeisha. Imeenda kwa kichwa cha randa. Si randa. Kichwa tu.

Najua venye inasikika.

Wale mmekuwa hapa kitambo mnaijua mashine ya Anko kule Kariobangi Light Industries. Ni ile ndogo ya kuweka juu ya meza, inchi 13, unaingiza ubao huku unatokea kule ukiwa laini, unene sawa mwanzo hadi mwisho. Ndani kuna chuma cha duara kimefungwa visu, na hicho ndicho kichwa. Cha Anko kilikuwa na visu 3 virefu, vimenyooka, na kinazunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Piga hesabu. Kila sekunde mbao inagongwa mara 500, na kila kisu kinapogonga, kinagonga upana mzima wa ubao kwa wakati mmoja. Ndio maana randa hailii kama mashine zingine. Inapiga nduru.

Anko amesimama mbele ya nduru kama hiyo miaka 20 na kitu, masikio wazi. Ukimpigia simu anasema "haloo" mara sita halafu anampa mtu mwingine. Kwa mazishi ya shosho alikaa mstari wa kwanza kabisa, na tukiwa njiani kurudi akaniuliza kwani pasta alisema nini. Sheria ya Kenya ya kelele kazini, ile ya 2005, inasema desibeli 90 kwa masaa 8, basi. Simu yangu ilisoma 101 nikiwa nimesimama pale anasimama yeye. Sawa, simu si kifaa cha maabara, lakini hata wewe ungeshika masikio.

Mara mbili nimemnunulia vile vifuniko vya masikio. Hakuvaa. Anasema akivivaa hasikii mashine, na asiposikia mashine atajuaje visu vimekuwa butu? Nilidhani ni ubishi wa wazee hadi nikakaa naye. Huyo mtu anajua kwa sauti tu kama ubao ni mbichi, kama amekata unene mwingi sana, kama kisu kimoja kimepata pengo. Sauti inayommaliza ndiyo hiyo hiyo anafanyia kazi.

Kichwa kipya kinatoka Marekani. Badala ya visu virefu kina vijino vya mraba vya kabaidi, kama 40 hivi, vimepangwa kwa kuzunguka chuma mfano wa skurubu. Vinaingia kwa mbao kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikikata kipande chake kidogo, kwa hivyo hakuna ile gonga ya upana mzima. Na kila kijino kina makali pande nne. Hapo ndipo niliuza roho. Sisi tunatumia sana mbao za paleti, na paleti ni misumari. Ukikosa msumari mmoja tu, visu vya zamani vinapata pengo, na kutoka hapo kila ubao unatoka na mstari umesimama kama makovu hadi uvifungue vyote vitatu ukavinoe. Kijino kikipasuka unakilegeza, unakigeuza robo, unakaza, unaendelea.

Anko aliuliza swali moja. "Na hivi vinanolewa wapi?" Havinolewi. Si kwa jiwe lake. Makali yote manne yakiisha unaagiza vingine. Alinyamaza, akaendelea kupiga msasa. Kunoa ndiko alianzia kazi, akiwa mdogo kuniliko. Sikuwa nimefikiria hiyo.

Na usafiri na ushuru kilifika kwa elfu 78. Hiyo ni karibu bei ya mashine yenyewe venye Anko aliinunua, kwa hivyo msinianze kwa komenti, hesabu nimeona.

Kukifunga kulituchukua Jumapili nzima. Kung'oa kile cha zamani ndio shughuli: toa kifuniko, toa mkanda, toa giya, halafu beringi ikakataa kutoka kabisa. Mimi nilitaka nyundo. Anko akanipiga mkono, akaenda akaomba kivutio cha giya kwa jirani wa magari, akaivuta polepole kama mtu anang'oa jino la mtoto. Halafu usafi. Unga wa mbao hata kidogo ukibaki chini ya kijino, kinakaa kimeinuka, kinaacha mistari, na ukikikaza hivyo kinaweza kupasuka. Tulifuta kila kikalio. Mimi nilichoka kwa 15. Yeye alimaliza vyote akarudia.

Tukawasha. Tukaingiza mvule, ule wenye nyuzi zinaenda huku zikirudi kule, ambao visu vya zamani vilikuwa vinaunyofoa vipande. Anko akazima mashine mara moja. "Haikati! Umeiharibu, kijana!" Nikamwonyesha chini. Maganda yalikuwa yamejaa, madogo madogo, na ubao umetoka laini. Ilikuwa inakata. Yeye alikuwa anangoja nduru.

Sasa ile vidio yangu niliandika "randa kimya". Ilipata watu kuliko vidio yoyote nimewahi kuweka, na si kweli. Simu inasoma 93. Moto ya mashine bado inapiga kelele vile vile, kilichopungua ni ile ya kukata. Bado iko juu ya hiyo 90, bado ni ya kufunika masikio. Pia kichwa hiki kinachosha moto kidogo, kwa hivyo tunakata unene mdogo, tunapitisha mara nyingi. Na masikio ya Anko hayatarudi. Hayo nilipaswa kusema kwa vidio. Nimeitoa.

Mama, Jumapili nakuja tuongee ya karo. Usimpigie Anko, hatasikia, na hakuniomba chochote.

Yeye sasa anapima kwa mkono. Ubao ukitoka anaupapasa, anatingisha kichwa, anaingiza mwingine. Alhamisi nilimpata amevaa vile vifuniko, mara ya kwanza. Amevivaa juu ya kofia ya sufu, kwa hivyo havizibi kitu. Nilisimama hapo mlangoni nikifikiria nitamwambiaje.