Msaada wa Ng'ambo na Kazi ya Mikono Yetu

Neno tutakalolitafakari mwezi huu ni msaada utokao ng'ambo kwa ajili ya elimu, magazeti na vyama vya watu katika nchi zetu za Afrika. Wako wausifuo kana kwamba ndio mvua pekee iletayo mavuno, na wako waulaumuo kana kwamba haukuzaa ila uvivu. Sisi twaona yafaa kwanza kulitazama shamba lenyewe. Basi na tuangalie kazi iliyofanyika Tanzania, tupate kuhukumu kwa matendo.

Mwaka 1973 yalikuwako mafundisho yaliyoitwa Mtu ni Afya. Serikali ilikusudia kuwafundisha watu wazima jinsi ya kujikinga na malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine. Nchi ya Uswidi ilisaidia fedha za kupiga chapa vitabu, na redio ikatangaza masomo kwa muda wa majuma 12. Lakini fedha haina kinywa cha kufundisha, wala redio haina mkono wa kuchimba choo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, kisha wakarudi vijijini mwao. Huko watu waliketi pamoja, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, halafu wakaulizana: Je, jambo hili liko kwetu? Nasi tufanye nini? Walipokwisha kukata shauri, walitwaa majembe, wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Watu wazima wapatao milioni 2 waliingia katika vikundi hivyo.

Mgeni alileta karatasi na wino. Shauri lilikuwa la wenyeji. Ndiyo maana kazi ile ilifanikiwa.

Lakini liko na neno la pili, nalo ni chungu. Katika mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. UNESCO ilisaidia kazi ya kisomo katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na serikali ikaeneza madarasa nchini kote. Hata ilipofika mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua walikuwa chini ya 10 katika 100. Hata hivyo dhiki ya fedha ilikuwa imekwisha kuingia. Karatasi ziliadimika, na madarasa mengi yakafifia. Sensa ya mwaka 2002 ikaonyesha kwamba wasiojua wamekuwa karibu 30 katika 100. Maana mtu aliyejifunza kusoma, asipopata gazeti wala kitabu, husahau, kama vile njia isiyopitwa iotavyo majani.

Tena mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, lililoanzishwa mwaka 1961. Kazi nyingi za shule, za afya na za magazeti katika Afrika zilisimama ghafula, na watumishi wake wakarudi nyumbani. Tusiwatukane waliotoa, kwa kuwa walichotoa kilikuwa chao. Wala tusikae tukilia, maana wahenga walikwisha kutuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazee wa vijiji, walimu na mama wa vyama: msaada ukija, upokeeni kwa shukrani, lakini siku ile ile ulizeni maneno haya. Mgeni akiondoka, nani atanunua chaki? Nani kati yetu ajua kuandika daftari la fedha? Je, kazi hii tuliichagua sisi, au tuliikuta imekwisha kuchaguliwa? Yasipopatikana majibu, anzeni na kazi ndogo mnayoiweza. Watu kumi wakichanga kidogo kila mwezi waweza kununua gazeti moja, na mmoja akawasomea wengine jioni. Kikundi kama hicho hakingoji barua kutoka ng'ambo. Basi kianzeni mwezi huu, wala msikiache kikafa wakati wa kulima.