Nyumba ya Kufikia Istanbul

Tokea turejee kutoka Istanbul, ndugu zetu kadhaa wametujia barazani kutuuliza habari za mji ule, na mtu anayetaka kuuzuru aanzie wapi. Nasi huwapa jawabu moja ambalo wengine hulionea ajabu: aanzie kwenye ngazi za nyumba atakayofikia. Azihisabu kabla ya kulipa.

Safari hii tulikuwa tumeiahidi ahali yetu kwa muda wa miaka 28, na kila mwaka ikaahirika, mara kwa karo za watoto, mara kwa paa la nyumba. Mwisho watoto wenyewe wakatuchangia. Tulikuwa na siku 7, fedha za kuhisabu, na magoti ya ahali yetu ambayo siku hizi hayataki tena kupanda. Tukakaa na karatasi, tukaandika misikiti 14 na makasri 3. Mahali pa kulala tukapaandika mwisho kabisa, pembeni, kama mtu anayekumbuka chumvi chakula kikiwa tayari mezani.

Istanbul ni mji wa watu zaidi ya milioni 15, upande wake mmoja Ulaya na wa pili Asia, na sehemu yake ya kale imejengwa juu ya vilima. Ramani haionyeshi vilima. Kutoka Msikiti wa Sultan Ahmed hata ufuo wa bahari ya Marmara, kwenye karatasi ni upana wa kidole. Kwa miguu ni mteremko wa mawe, na ateremkaye hana budi kupanda. Na katika miteremko hiyo ndimo zilimo hoteli ndogo ambazo Waturuki huziita butik otel, za vyumba 8 au 10, nyingi katika nyumba za kale za mbao au zilizojengwa kwa mfano wake.

Nyumba za mbao za Istanbul zilikuwa nyingi mno zamani, zikaliwa na moto, na zilizosalia zikaachwa kuoza. Katika miaka ya 1980, Çelik Gülersoy na chama chake cha utalii na magari waliijenga upya safu moja ya nyumba hizo katika kichochoro cha Soğukçeşme, kilichobanwa baina ya Ayasofya na ukuta wa kasri ya Topkapı, wakazifanya nyumba za wageni. Orofa ya juu ya nyumba za namna hii huchomoza juu ya njia, na dirisha lake humwezesha mwenye nyumba kuona apitaye pasi na yeye kuonekana. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa au wa Mji Mkongwe wa Unguja akifika hapo hujiona kama yuko kwao. Lakini lifti aghalabu hakuna, na ngazi ni nyembamba kama za mnara.

Hayo ya lifti hatukuyauliza. Tuliona picha ya chumba cha juu kabisa chenye dirisha la bahari, tukakipenda, tukakilipia zaidi ya vyumba vingine. Tulifika usiku. Ngazi zilikuwa 51. Ahali yetu alizipanda kwa kuketi kila baada ya kumi, na kijana wa mlangoni, aliyemwita shangazi kwa Kituruki, akitangulia na mizigo.

Dirisha kwa hakika lilikuwa zuri. Meli zimetia nanga Marmara zikingoja zamu ya kuingia Bosphorus, taa zao juu ya maji kama mji wa pili. Siku mbili ahali yetu alizitazama meli hizo, nasi tukatembea peke yetu na karatasi yetu. Jioni ya pili tukarudi na habari za Süleymaniye: kwamba Sinan aliumaliza mwaka 1557, na kwamba pembeni mwake palikuwa na jiko la wakfu na nyumba ya wasafiri, ambamo musafiri alilazwa na kulishwa siku 3 bila kutoa kitu. Akatusikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Maalim, na mimi nimekuja kuhisabu meli?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuuma.

Asubuhi tukamwendea yule kijana. Alikuwako na chumba chini, karibu na mlango, kidogo, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Tukahamia humo, na ile karatasi tukaipasua. Tukaandika nyingine, safari hii nyumba ikawa katikati: ni nini kilichoko dakika 10 za mwendo wa polepole? Ni nini kilichoko karibu na tramu? Alfajiri tukisali Sultan Ahmed, uliomalizwa mwaka 1616 na wenye minara 6, tukirudi kunywa chai, na baada yake jambo moja tu kwa siku. Adhuhuri tunalala. Yako mambo yafaayo kujua mapema: Topkapı hufungwa Jumanne, na soko kuu lililofunikwa hufungwa Jumapili. Ayasofya, iliyojengwa mwaka 537, ikawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na msikiti tena 2020, tangu Januari 2024 ina milango miwili: mtalii wa kigeni hulipa na kupelekwa orofa ya juu, na mwenye kusali huingia chini bila malipo. Nao akina mama waulize kwanza, kwani katika baadhi ya misikiti mahali pao ni juu. Katika misikiti 14 tuliiona 5.

Siku ya sita tulikwenda Eyüp. Tulipanda tramu hata Eminönü, kisha ile tramu nyingine ya ukingo wa Haliç, ambayo ilifikishwa Eminönü mwaka 2023. (Haliç ndiyo khaliji yetu hii hii.) Huko ndiko kwenye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), aliyefariki katika jeshi la Waislamu lililouzingira mji huu, na msikiti uliopo ulijengwa upya mwaka 1800. Yeye ndiye aliyefikiwa na Mtume (S.A.W.) Madina. Mtume alichagua kukaa chini, kwani ndiko kwepesi kwa wanaokuja kumwona. Abu Ayyub na mkewe wakakaa juu, wala hawakuwa na raha. Usiku mmoja mtungi ukawavunjikia, wakayafuta maji kwa shuka yao ya pekee wasije wakamdondokea. Baadaye wakamwomba wabadilishane.

Kisa hiki tulikisimulia tumeketi uani chini ya miti mikubwa. Ahali yetu akatwambia, "Kisa hiki umekisomesha miaka mingapi?"

"Thelathini."

"Ukanichukulia chumba cha juu."

Akacheka hata akashika goti. Kisha akataka mkono, tukaenda kungoja tramu.