Kompyuta ya Riyali 2,300: Ulinganishe Nini Kabla ya Kulipa

Kila mwaka wanafunzi wapya huuliza yale yale: ninunue kompyuta ipi, na wapi ni rahisi, Riyadh au Jeddah? Nimeshaulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niandike. Kwa mwanafunzi ambaye posho yake ya mwezi haifiki riyali 1,000, mashine ya riyali 2,300 ni zaidi ya miezi miwili ya maisha. Na wengi wetu hununua moja tu, imfikishe mtu kwenye tasnifu kisha arudi nayo nyumbani.

Tuanze na mji. Riyadh tuna soko la kompyuta la Olaya, Jeddah kuna maduka ya Barabara ya Falastini, na maduka makubwa kama Jarir, lililoanzia Riyadh mwaka 1974, yana matawi kote kuwili. Sokoni unapatana, kwenye duka kubwa bei ni ile iliyoandikwa. Tofauti nilizozikuta mimi kati ya miji hii miwili ni riyali hamsini, mia hivi. Kuna karibu kilomita 950 hapo katikati, kwa hiyo nauli inazila zote. Kama unakwenda Umra, pitia Jeddah uangalie. Kusafiri kwa ajili ya kompyuta peke yake, hapana.

Halafu wapo ndugu zetu wa Marekani wanaotuambia tunaibiwa. Hebu tupige hesabu. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu mwaka 1986. MacBook Air ya chipu ya M4, iliyotoka Machi 2025, kule ilianzia dola 999, yaani riyali 3,746. Lakini bei ya kule hutajwa bila kodi. Hapa kodi ya ongezeko la thamani imo ndani: ilianza Januari 2018 kwa asilimia 5, Julai 2020 ikapandishwa hadi 15. Iongeze, unafika riyali 4,308. Kwa hiyo si wizi, ni kodi. Na kaka zetu waliomaliza kabla ya 2018 wakikutajia bei zao, kumbuka wao hawakuilipa.

Ubishi wa Mac na Windows hosteli unaweza kula usiku mzima, kila mtu akitetea aliyonayo. Mimi nauliza kitu kimoja tu: unasoma nini? Ukisoma uhandisi ukahitaji SolidWorks au Revit, hizo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, mjadala umekwisha. Ukisoma Sharia au lugha, zote zitakufaa, bei iamue. Ila ujue RAM ya MacBook Air haiongezeki. Uliyonunua nayo ndiyo hiyo hiyo. Zile za M1 za mwaka 2020 zilianzia GB 8, kwa hiyo ukipata iliyotumika, uliza kwanza.

Na kwa kweli wengi wetu tunanunua zilizotumika. Kwenye Windows, tazama kizazi cha prosesa kabla ya bei. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa ujumla inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji atakusifia Core i7 ya kizazi cha 6, aipite haraka Core i5 ya kizazi cha 8. Wewe chukua hiyo i5.

Jambo lisiloandikwa kwenye tangazo ni umeme. Nyumba nyingi za Saudia zilitumia volti 127 kwa miaka mingi, na kuhamia 230 kulikuja baada ya uamuzi wa mwaka 2010. Kwetu Tanzania ni 230, Kenya 240. Chaja ya laptopu kwa kawaida imeandikwa 100–240, haina neno. Lakini kompyuta nyingi za mezani za zamani zina kiswichi kidogo nyuma: 115 au 230. Mwenzetu mmoja aliifikisha yake Mombasa salama salimini, nduguye akaichomeka kiswichi kikiwa kwenye 115. Mlio mmoja, moshi, basi. Pawa saplai ikawa ya kununua upya kabla mashine haijaandika hata barua moja.

Dhamana nayo uliza inakubalika wapi. Ikiwa ni ya miaka miwili lakini ya Saudia tu, na wewe umebakiza mwaka mmoja, nusu yake utaiacha uwanja wa ndege.

Kwa hiyo usilinganishe bei na bei. Chukua daftari, andika bei pamoja na kodi, kizazi, RAM na kama inaongezeka, volti, na dhamana ya nyumbani. Halafu gawa bei kwa miaka unayotegemea kuitumia. Ya riyali 1,200 itakayokufaa miaka miwili ni riyali 600 kwa mwaka. Ya 2,300 itakayokufaa mitano ni 460. Ile "rahisi" ndiyo ghali. Na kama mfukoni una 1,200 tu, tafuta kwa fedha hiyo hiyo itakayodumu mitatu. Zipo, ila hazikai mbele ya duka.

Mwenye hesabu tofauti aiandike kwa toleo lijalo. Wapya wako njiani, na riyali zao ni chache.