Mshahara wa Mwezi wa Kumi na Tatu

Nakumbuka marejesho ya kodi ya mapato ya Marekani yalipokuwa bado bahasha. Fomu zilijazwa kwa kalamu, zikapelekwa posta, kisha nyumba nzima ikangoja hundi kwa wiki kadhaa, na kila bili iliyoingia hapo katikati iliambiwa isubiri. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilianza kujaribu ritani za kielektroniki mwaka 1986, na kasi ya njia hiyo ikazaa biashara yake. Mtu alifika kwenye duka la mtayarishaji wa ritani mwisho wa Januari na W-2, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, na baada ya siku moja au mbili akawa na hundi mkononi, imeshakatwa ada ya mtayarishaji, ada ya benki na riba. Alikuwa amekopeshwa pesa zake mwenyewe kwa wiki mbili hivi, na riba hiyo ukiipigia hesabu ya mwaka ungeshika kichwa. Mikopo ya namna ile ilianza kufa IRS ilipoacha, kuanzia msimu wa 2011, kuzidokezea benki iwapo mlipa kodi ana deni litakalokatwa kwenye marejesho yake. Kisha ikaja sheria ya 2015: tangu 2017, ritani inayodai ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, hailipwi kabla ya katikati ya Februari, hata ukiwahi vipi kuituma.

Njia ya kuzipata pesa imebadilika, lakini namna ya kuzipangia matumizi imebaki ileile: zikiingia ndipo watu wanaanza kufikiri. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Naona marejesho ni sehemu ya mshahara wa mwaka mzima iliyocheleweshwa, na yanapaswa kuingia kwenye bajeti kama mshahara, mwezi kwa mwezi.

Washauri wa fedha watasema dawa ni rahisi: jaza upya fomu ya W-4, mwajiri akate kidogo, uache kuikopesha serikali bila riba. Ushauri huo ni sahihi kwa nusu ya jambo. Makato ya kila malipo yaliletwa mwaka 1943, vita vikihitaji fedha, na kilichokatwa kupita kiasi kweli unaweza kukizuia kwa fomu. Lakini kwa mhudumu wa wazee au mfanyakazi wa kiwanda cha nyama mwenye watoto watatu, sehemu kubwa ya anachopokea Februari si makato yake, ni nafuu. EITC ilianza mwaka 1975 ikiwa na kikomo cha dola 400. Kwa mapato ya mwaka 2024, familia yenye watoto watatu au zaidi inaweza kufikia dola 7,830. Pesa hizo hazipitii kwenye W-4 hata kidogo.

Serikali yenyewe imewahi kujaribu kuzigawa. Tangu 1979 mfanyakazi aliruhusiwa kupokea sehemu ya EITC pamoja na mshahara, lakini waliojiandikisha walikuwa wachache mno, wengi wakihofia kudaiwa mwisho wa mwaka, na mpango ukafutwa mwaka 2010. Mwaka 2021, kuanzia Julai hadi Desemba, nusu ya nafuu ya watoto ililipwa kila mwezi, hadi dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 250 kwa mkubwa zaidi. Wazazi walipoulizwa walizitumia kwa nini, walitaja chakula, nguo, mahitaji ya shule, bili. Kipimo cha umaskini wa watoto kinachohesabu misaada kilishuka hadi asilimia 5.2 mwaka huo, kisha nafuu iliyoongezwa ilipokoma kikapanda hadi 12.4 mwaka 2022. Sidai kwamba ni ule mgao wa kila mwezi peke yake uliofanya kazi hiyo, maana kiasi chenyewe nacho kilikuwa kimeongezwa. Ila madai kwamba maskini akipewa pesa kidogo kidogo atazitawanya hayakupata ushahidi pale.

Basi kazi ya kugawa imebaki kwa kaya. Tuseme zimeingia dola 4,800. Lipa kwanza deni la kadi lenye riba kubwa, tuseme 1,200, na matairi ya gari pamoja na bima ya miezi sita, ambayo mara nyingi huwa nafuu ukiilipa mara moja, 1,100. Zinabaki 2,500. Ziweke akaunti nyingine na ujilipe 250 kila mwezi, kuanzia Machi hadi Desemba.

Atajitokeza wa kuniambia kwamba fungu nono ndiyo nafasi pekee ya kununua kitu kikubwa, na kwamba pesa ikikaa benki huliwa. La kwanza nakubali: bila gari, katika miji mingi ya Marekani, hakuna kazi, na ndiyo maana matairi nimeyatanguliza. La pili lina ukweli pia, lakini linaloliwa zaidi ni fungu lililo kwenye akaunti ileile ya kadi ya matumizi. Tangu 2007 ipo fomu 8888, inayomwezesha mtu kuiagiza IRS igawe marejesho kwenye akaunti hadi tatu kabla hajayaona. Ni karatasi fupi tu, na mtayarishaji asipoitaja, muulize.

Kwa mhamiaji, pingamizi gumu ni la nyumbani alikotoka. Ndugu walioko Kisumu au Bukavu wanaujua msimu huu vizuri kama IRS, na Machi simu huongezeka. Hakuna bajeti itakayozima udugu, wala haifai. Lakini karo ya Kenya hudaiwa Januari, kabla marejesho hayajatoka, kisha hudaiwa tena muhula wa pili na wa tatu. Yaani hata kwa mpokeaji, fungu moja la Machi limekuja kwa saa isiyo yake. Anayemwambia mdogo wake mapema, mwezi wa kumi na moja, kwamba atatuma dola 60 kila mwezi mwaka mzima, amempa kitu ambacho shule inaweza kukubaliana nacho.