Baridi ya Watu

Jumapili moja hapa Mwakitolyo, baba na wenye malori wenzake walikaa gereji wakilaumu matope ya mvua. Fundi akagonga chesesi ya Fuso yetu kwa nyundo. Kutu ikamwagika kama pumba.

“Hii si ya hapa, mzee. Imekuja nayo kutoka Japani.”

Huko, wakati wa theluji, barabara humwagiwa chumvi. Kumbe tulinunua gari pamoja na baridi ya watu.

“Piga rangi, uza,” mwenzake akashauri.

Baba akatazama bodi, ambako vijana hukaa juu ya viroba vya mawe kwenda karashani.

“Kata. Chomelea chuma kipya.”

Pesa aliyotoa ilikuwa ada yangu ya chuo. Muhula ule nilibaki nyumbani, nikipanda juu ya viroba vilevile.