Kulinganisha Drili za Betri: Somo la Karakana

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo hufundishwa kutumia kifaa, lakini ni mara chache anafundishwa kukichagua. Upungufu huu si mdogo, kwa maana mwalimu wa shule ya msingi aghalabu ndiye anayeulizwa na kamati ya shule kinunuliwe nini. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi tulivyolikabili swali la namna hiyo katika karakana yetu hapa Ngaramtoni, na mafunzo yanayomhusu mwalimu wa kesho.

Shule moja ya jirani ilitaka drili ya betri kwa ajili ya kukaza na kutengeneza madawati yaliyolegea. Drili ya waya isingefaa, kwani madarasa yenyewe hayana umeme. Ofisi ya mwalimu mkuu tu ndiyo yenye soketi. Fedha zilikuwa michango ya wazazi, na wazazi wa upande huu wa Mlima Meru ni wakulima wa mahindi, maharage na migomba, ambao shilingi yao haiokotwi njiani. Ushauri mbaya ungekuwa hasara yao.

Nililipeleka swali darasani kama lilivyokuja, na mara darasa likagawanyika. Baadhi waliapa kwa Makita na Bosch, kwa sababu ndizo walizoziona mikononi mwa mafundi wakubwa mjini Arusha. Wengine walitetea INGCO na Total, ambazo bei yake ni nafuu. Ubishi ulikuwa mkali, lakini pande zote mbili zilileta sifa tu. Hapakuwa na kipimo hata kimoja. Hapo ndipo somo lilipoanza.

Kwanza, tulisoma maandishi yaliyo kwenye betri. Makita na Bosch huandika volti 18. INGCO na Total huandika volti 20. Watetezi wa zile za bei nafuu walishangilia kwamba zao zina nguvu zaidi. Niliwataka wahesabu. Ndani ya betri ya namna hii mna seli tano za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano. Seli moja ikiwa kazini ina wastani wa volti 3.6, na mara tano ni 18. Seli hiyo hiyo ikiwa imetoka kuchajiwa na haijapewa kazi hufikia volti 4 au kuzidi kidogo, na mara tano ni 20. Kwa hiyo 18 na 20 ni majina mawili ya kitu kimoja. Kampuni ya DeWalt yenyewe huuza vifaa vya mfumo mmoja kwa jina la volti 20 huko Marekani na volti 18 huko Ulaya. Kinachotofautisha betri hizi kwa dhahiri ni ampea-saa: volti 18 mara ampea-saa 2 ni wati-saa 36, na kwa ampea-saa 4 ni wati-saa 72. Hii ni hesabu ya kuzidisha ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza, nayo inamkinga mnunuzi asidanganywe na tarakimu kubwa.

Pili, tulipanga jaribio. Wanachuo walitaka kuanza mara moja kutoboa mbao, nikawauliza ni mambo gani yangeweza kuipendelea drili moja. Majibu yao yalijaza ubao. Ubao wa msaiprasi ni laini, wa mninga ni mgumu. Kekee mpya hukata kuliko iliyokwisha kutumika, hivyo drili inayotangulia hupata upendeleo. Mtu mwenye kifua hukandamiza kuliko mwembamba. Binti mmoja akaongeza kwamba drili moja ilikuwa na betri ya ampea-saa 4 na nyingine ya 2, hivyo kuhesabu mashimo kungepima betri, wala si drili. Hoja hiyo ilinifurahisha kuliko matokeo yoyote. Basi tukakubaliana: ubao mmoja, kekee mpya kwa kila drili, mkono mmoja, betri zilizojaa na za ukubwa sawa, na zamu zibadilishwe. Kubadilisha jambo moja na kuyashika mengine ndiyo roho ya sayansi, na karakana huidhihirisha vizuri kuliko kitabu.

Kabla ya kuanza tuliweka masharti ya usalama: ubao ubanwe kwenye jiliwa, macho yakingwe, nguo na nywele zifungwe, na betri ichomolewe kila mara kekee inapobadilishwa.

Tatu, tulitazama gharama zinazofuata. Anayenunua drili ya betri huoa ukoo mzima. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii katika drili ya nyingine. Na hata chini ya jina moja la Bosch, betri za volti 18 za vifaa vya kijani vya nyumbani haziingii katika vifaa vya buluu vya mafundi. Tena betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini, na joto huiharakisha. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei ya drili, bali bei ya betri ya pili na kama ipo rafuni. Kadhalika, mota isiyo na brashi hutumia chaji vizuri na hudumu, lakini hutegemea kibao cha elektroniki. Mota yenye brashi za kaboni huchakaa mapema, ila brashi zake ni rahisi kubadilisha. Shule iliyo mbali na mji haina budi kulipima jambo hilo.

Mwishoni mwanachuo mmoja aliuliza kwa nini shule isinunue keke ya mkono, isiyohitaji chaji wala chaja. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, kwa maana swali lilikuwa la haki. Ushauri tulioupeleka ulizingatia kazi yenyewe. Kwa shule inayotengeneza madawati siku chache kila muhula, drili ya bei nafuu yenye brashi na betri mbili inatosha, mradi muuzaji atoe risiti na dhamana. Fedha inayobaki inunue keke na bisibisi nzuri, ili wanafunzi wengi washike kazi kwa wakati mmoja. Kwa karakana inayofanya kazi kutwa, kila siku, inafaa kulipia drili ghali zaidi, ambayo vipuri vyake vinapatikana mjini kwa uhakika.

Ndugu mwanachuo, majina ya vifaa yatabadilika, na utakapofika kituoni kwako huenda pakawa na mapya. Kamati ikikuuliza ipi ni bora, usijibu kwa jina. Uliza kwanza: ni kazi gani, ni mara ngapi, na betri ya pili ni bei gani? Kisha waite wanafunzi, wape ubao mmoja na kipimo kimoja, nao wajionee.